Darasa la Juu

Mtungi mwekundu wa kuzimia moto ulifika kabla ya kengele ya asubuhi, umefungwa kamba nyuma ya pikipiki na kufunikwa gunia kama mali ya wizi. Aliyeuleta alikuwa mwenye shule ya barabara ya pili. Wenzake walimwita Baba Mtungi, kwa kuwa kati ya wenye shule ndogo za binafsi pale mtaani ni yeye peke yake aliyewahi kuununua. Wengine waliuazima. Mkaguzi wa serikali akitoka shule moja kwa mlango wa mbele, mtungi unatoka kwa mlango wa nyuma, unakwenda kumsubiri shule inayofuata, unatundikwa kwenye msumari na kutulia kama umezaliwa hapo.

"Kwangu alipita juzi," Baba Mtungi alisema akifungua kamba. "Amesaini, mambo yamekwisha. Ana goti bovu yule bwana. Mpe kiti, mpe maji baridi, usimpe nafasi ya kufikiri."

"Na darasa lako la juu alilionaje?" Mama Kengele, mwalimu mkuu wa shule hii, aliuliza.

"Kulionaje? Alizitazama ngazi kama mtu anayetazama mlima. Akaniuliza, watoto wako huko? Nikamwambia wapo. Akaandika wapo." Alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Usiogope, Mwalimu. Chumba chako ni kama changu. Kikipita changu, chako kitashindwaje?"

Mama Kengele alicheka naye, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno. Alikuwa na hofu tangu tangazo lilipotoka. Serikali ilisema itazisaidia shule binafsi, italipa mishahara ya walimu na kuleta vitabu vya watoto wote. Habari njema, nani angekataa? Walimu wake walikuwa wamefundisha muda mrefu kwa ahadi na chai. Ila serikali haitoi kwa mkono wa kulia bila kushika fimbo kwa wa kushoto. Shule lazima iwe na madarasa mpaka la saba, kila darasa na chumba chake, na mkaguzi aridhike. Asiporidhika, hakuna msaada, na shule yenyewe inaweza kufungwa.

Chumba cha saba hakikuwapo. Kiwanja kilikuwa kimeisha, hata choo kilikaa upandeupande kama abiria aliyechelewa. Palibaki juu tu. Basi likizo iliyopita mumewe, ambaye ni mwashi na watu wote humwita Fundi, alijenga darasa juu ya stoo, akamwaga zege la sakafu, akaweka ngazi kwa nje. Baba Mtungi alipoliona linapanda, naye hakukubali kuachwa nyuma, akainua lake likizo ileile. Ndivyo walivyo wenye shule. Mmoja akipaka geti rangi, kesho mtaa mzima unanuka rangi.

*

Alipanda juu kuhakikisha kwamba chati za ukutani zimekaa sawa. Chati ya mwili wa binadamu ilikuwa imelegea kona moja. Alipoiinua ili aibandike upya, aliona nyuma yake ufa. Haukuwa mpana, ungeweza kuingiza ukucha tu, lakini ulikuwa umetoka chini sakafuni na kupanda kwa kupindapinda mpaka usawa wa kifua chake. Na katikati ya ufa, kama plasta juu ya kidonda, palikuwa na kipande cha kioo kilichobandikwa kwa simenti huku na huku.

Alikitazama kioo, na kioo kikamwonyesha jicho lake mwenyewe.

Sasa alielewa kwa nini mumewe alikuwa hali chakula vizuri. Alikuwa akimtania kwamba pengine amepata mchumba, kwa vile anaacha sahani nusu na kuamka mapema kuliko jogoo. Alishuka, akamkuta nyuma ya jiko ananoa mwiko wake wa uashi ambao haukuhitaji kunolewa.

"Baba Kitinda. Kile kioo ni cha nini?"

Fundi hakuinua uso. "Umekiona."

"Nimekiona. Nakuuliza ni cha nini."

"Ni cha kupimia. Ufa wa kawaida unakaa palepale, ni ngozi tu ya ukuta. Lakini ukuta wenyewe ukisogea, kioo hakijui kuvutika. Kinapasuka."

"Kimepasuka?"

"Bado."

"Bado!" Alijikuta anapaza sauti, akaishusha haraka kwa sababu walimu walikuwa wameanza kuingia getini. "Tangu lini unajua? Mwanao anakaa mle. Kitinda wetu anakaa dawati la chini ya ile chati!"

Kitinda ndiye binti yao wa mwisho, na mwaka huo alikuwa darasa la saba.

"Najua anapokaa," Fundi alisema. Aliuweka mwiko chini. "Ukuta wa stoo ni wa tofali moja, na uliungwa kwa udongo. Ulijengwa kubeba bati. Nilikuambia, Mama Kitinda. Nilikuambia kabla hatujamwaga zege, tuweke nguzo za nondo pembe zote. Unakumbuka ulichonijibu?"

Alikumbuka. Mtu husahau alichoambiwa, si rahisi kusahau alichosema. Alimjibu, weka chumba kwanza, nguzo tutaweka likizo ijayo. Ukaguzi ulikuwa unakuja, ukaguzi haungojei nguzo.

"Tuwatoe leo," Fundi alisema. "Mwambie mkaguzi darasa bado."

"Nikimwambia bado, hana cha kusaini. Walimu watakula nini? Nitawaambia nini hao watu?" Aliishika kengele ya shaba iliyokuwa daima mkononi mwake. Hakumruhusu mtu mwingine kuipiga, na ndiyo iliyompa jina. "Leo tu. Apite leo tu, kesho nawatoa wote, naapa. Kioo si kizima? Kitavumilia leo."

Fundi alimtazama kwa namna ambayo hakuwa amewahi kumtazama. Hakuwa na hasira. Aliogopa, na mke alipouona woga ule kwenye uso wa mtu anayetembea juu ya kenchi za paa bila kushika kitu, akageuza uso, akaenda getini kuwapokea walimu.

*

Mkaguzi alikuja kabla jua halijawa kali. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mkoba uliochakaa na mguu wa kushoto anaouvuta. Alipewa kiti, akapewa maji baridi. Alikagua vyoo, akasifu usafi. Alikagua madarasa ya chini moja moja, na kila alipoingia watoto walisimama kwa pamoja, mguu mmoja, kishindo kimoja: "Shikamoo, mgeni wetu!"

Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya Mama Kengele. Aliwafundisha mwenyewe tangu chekechea. Darasa linalosimama mmoja mmoja, husema, ni soko. Mkubwa akitokea, mnainuka nyote na mguu mnaupiga chini, mpaka mgeni ajue ameonekana, na hamkai mpaka salamu iishe. Kuna wazazi walioleta watoto kwa ajili ya kishindo kile tu.

Leo kila kishindo kilipopigwa, aliinua macho kulitazama darasa la juu.

Mkaguzi alisimama mbele ya mtungi mwekundu, akainamisha kichwa, akapapasa alama ya kubonyea iliyokuwa ubavuni.

"Huyu," alisema taratibu, "nimeshakutana naye."

Mwalimu wa hesabu aliyekuwa karibu alianza kutazama dari.

"Nimekutana naye shule tatu sasa. Kila ninapokwenda ananitangulia. Nilikuwa nafikiria leo nimpe shikamoo." Mkaguzi alitabasamu, lakini aliandika kitu. "Nunueni wenu, Mwalimu. Moto hauazimwi."

"Tutanunua, mheshimiwa. Tutanunua mwezi huu huu." Alisikia uso unamwaka kama aliyezabwa kofi mbele ya wanafunzi.

Wakafika kwenye ngazi za nje. Mkaguzi alizitazama, kisha akalitazama goti lake.

"Mimi na ngazi hatusalimiani siku hizi," alisema. "Wiki nzima hii nazitazama kwa chini. La saba liko huko?"

"Liko huko."

"Chumba kiko salama?"

Mama Kengele aliinua macho. Dirishani juu aliona kisogo cha Kitinda, nywele zimesukwa vizuri kwa ajili ya mgeni.

"Kiko salama," alisema.

Mkaguzi akaandika. Alikaa tena kwenye kiti chake kivulini, akatoa kalamu nyingine, ile ya kusainia, na karatasi yenye nembo. Walimu walikuwa wamejipanga mlangoni kama watu wanaosubiri matokeo ya hospitali. Mmoja alikuwa tayari anafuta machozi.

"Basi," mkaguzi alisema kwa furaha, "kwa kuwa mimi siwezi kuwafuata, wao wanifuate. Piga hiyo kengele yako maarufu, Mwalimu. Wote uwanjani, niwaone, nisaini mbele yao."

Mama Kengele aliinua kengele. Mkono ukaishia hewani.

Alijua kitakachotokea, maana alikifundisha mwenyewe. Kengele ikilia mara moja, wanasimama, mguu chini. Ikilia mara ya pili, wanatoka mbio. Darasa zima litapiga mguu kwa pamoja juu ya zege lililokalia udongo, kisha litakimbilia mlango mmoja. Aliukamata ulimi wa kengele kwa vidole, akaubana mpaka vidole vikauma, isije ikalia.

"Mwalimu?" mkaguzi alisema.

Alimkabidhi mwalimu wa hesabu ile kengele, naye akaipokea kwa mshangao kama aliyepewa mtoto mchanga. Kisha akavua viatu na kupanda ngazi. Mlangoni aliweka kidole mdomoni kabla hawajawahi kusimama.

"Leo tuna mchezo," alinong'ona. "Hakuna kusimama kwa kishindo. Vueni viatu. Mnatoka mmoja mmoja, mnatembea kama paka. Atakayetoa sauti ameshindwa."

Watoto walicheka chinichini, wakavua viatu. Walishuka wameshika viatu vyao, mmoja baada ya mwingine, na yeye alisimama kando ya chati ya mwili wa binadamu akihisi kila unyayo. Kitinda alikuwa wa mwisho. "Mama, mbona unalia?" aliuliza. Akaambiwa ashuke.

Uwanjani mkaguzi alikuwa amesimama, kalamu bado mkononi. "Mbona wanashuka kama wezi?"

"Kwa sababu nimekudanganya," Mama Kengele alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini walimu wote waliisikia. "Chumba hakiko salama. Ukuta una ufa, na nguzo hakuna. Mimi ndiye niliyekataa zisiwekwe."

Mkaguzi alikaa polepole, akafunga kofia ya kalamu. Alionekana amezeeka ghafla.

"Ningesaini," alisema, si kwa kumwambia mtu. "Mungu wangu, ningesaini."

Alifanya kazi yake. Darasa la juu likafungwa papo hapo, ngazi zikazibwa kwa meza. Bila la saba hakuna msaada. Madarasa ya chini yataruhusiwa kumaliza mwaka, baada ya hapo itaonekana. Hakumkaripia. Aliposhika mkoba wake alisema tu, "Hawa wa la saba wana mtihani mbele yao, hawawezi kukaa nyumbani. Nitampigia mwenzako wa barabara ya pili. Yeye ameshapita."

*

Ukweli una sifa nyingi, ila haujui kulipa mishahara. Walimu wawili waliaga jioni ileile. Mzazi mmoja alimsimamisha dukani mbele ya watu: "Mama Kengele, umetuuzia watoto. Mwenzako alinyamaza akapata, wewe domo likakuwasha. Ukweli wako umetufaa nini?" Akaondoka bila kuaga. Muuza duka alijifanya anapanga sabuni.

Baba Mtungi alikuja mwenyewe, na kwa kweli alikuja kwa wema. "Nitawapokea wote, Mwalimu. Hata ada ya muhula huu sitaki. Nimewaongezea madawati juu, watabanana na wangu lakini watatosha." Aliuchukua mtungi wake ukutani, akaufunga kwenye pikipiki. "Ungeniuliza mimi kabla hujafungua mdomo."

Pamoja na aibu yote hiyo, Mama Kengele alipata kitu ambacho hakuwa nacho kwa muda. Alilala. Alipanda juu kukitazama kioo, akakikuta kizima, na hakujua acheke au alie. Labda kingekaa hivyo miaka. Lakini Kitinda hakuwa tena chini ya chati ile, na hilo lilimtosha.

Asubuhi Kitinda aliondoka na wenzake kwenda barabara ya pili, wamevaa sare yao ya zamani, maana ya huko hawakuwa nayo. Mama alimsindikiza mpaka getini. "Ukiwa huko uwe na adabu," alimwambia. "Wasije wakasema kwetu hamkufunzwa."

"Tutawaonyesha kishindo," Kitinda alisema, akakimbia kuwafuata wenzake.

Aliporudi ndani alimkuta Fundi mezani. Chai ilikuwa imepoa mbele yake, mkate haujaguswa.

"Sasa wewe nini tena? Yamekwisha. Tumeshapata aibu yote iliyokuwapo, haikubaki nyingine. Kula."

"Mama Kitinda." Fundi aliinua uso, na ulikuwa uleule wa siku ya ukaguzi. "Kwa Baba Mtungi nilijenga mimi."

"Najua. Ulikwenda kumpigia lipu."

"Haikuwa lipu tu. Nilikuambia lipu kwa sababu ulisema tusimjengee mshindani. Nilimjengea lote. Likizo ileile, nikitoka huku naingia kule."

Mama Kengele alishika kiegemeo cha kiti. "Na nguzo?"

"Alinijibu kama ulivyonijibu wewe."

Nje mtoto wa chekechea alikuwa anaimba herufi. Mama Kengele akaisogeza chai kando. "Kioo je? Kule hukuweka kioo?"

"Niliweka. Jana nilikwenda kukiangalia." Alipitisha mikono usoni. "Alikipaka rangi kabla ya ukaguzi, kioo pamoja na ufa. Rangi nzito, kapaka mara mbili. Nilisimama pale napapasa ukuta kama kipofu. Nikajiambia, mkaguzi amepitisha, labda mimi ndiye mwoga. Nimekesha nikijiambia hivyo."

"Na watoto wetu umewaacha wakaenda kubanana na wake! Madarasa mawili kwenye chumba kimoja!"

Hakungoja jibu. Alitoka na kanga begani na ndala miguuni, na kwenye kona ya kwanza ndala moja ikakatika, akaziacha zote mbili njiani. Fundi alikuwa nyuma yake. Watu waliokuwa wakifungua maduka waligeuka, wakamwona mwalimu mkuu anakimbia peku, na mmoja akasema, "Shule imemtia wazimu maskini." Alisikia, hakujali. Alikuwa akiomba kwa sauti, bila mpangilio, kama mtoto.

Geti la Baba Mtungi lilikuwa wazi. Uwanja ulikuwa kimya kwa masomo. Darasa la juu lilisimama pale juu ya ukuta mweupe pee, rangi yake inang'aa, madirisha yamejaa vichwa. Kwenye dirisha la mwisho aliona nywele alizozisuka kwa mikono yake.

"Karibu, Mwalimu!" Baba Mtungi alitoka ofisini amekunjua mikono. "Hata siku haijaisha umeshawakumbuka?"

"Watoe!" Mama Kengele hakuwa na pumzi. "Watoe juu, polepole, watoe—"

"Pumzika kwanza, mama. Umepatwa na nini?"

Juu, Kitinda aligeuka na kumwona. Uso ukamchanua. "Mama Mwalimu amekuja!" alisema, na vichwa vyote vikageukia dirishani.

Akajua. Aliinua mikono yote miwili juu, viganja wazi, akapiga kelele kwa nguvu zote alizobakiwa nazo: "Kaeni! Msisimame, wanangu! Kaeni hivyohivyo!"

Lakini walisikia sauti, neno halikuwafikia. Na sauti ile waliijua tangu chekechea.

"Ona adabu hiyo," Baba Mtungi alisema kwa fahari, akitazama juu. "Wameanza kuwafundisha na wangu."

Madawati yakakwaruza sakafu. Watoto wake na watoto wa jirani wakainuka wote kwa pamoja, kama alivyowafunza, wakapiga mguu chini.